Heshima ya Marumaru

Hasira ya Hanadi ilianzia kwenye geti la uwanja, kabla hajatia mguu ndani. Bango kubwa lilikuwa limefungwa kwenye nguzo za uzio, lina picha yake ile ya pasipoti, amevaa buibui na kakunja uso kama mtu aliyeitwa polisi, na chini ya picha maandishi mekundu: KARIBU NYUMBANI MALKIA WETU WA NETIBOLI.

Alilisoma, akalirudia. Hanadi binti Muhanna alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu. Si wa kujifurahisha jioni baada ya kazi, la. Mchezaji wa kulipwa, aliyekula na kuvaa kwa mpira huohuo, kwanza Dar es Salaam, kisha Kigali, kisha Kairo, na baadaye Tunisia. Netiboli ni mchezo mzuri na una wenyewe, na wenyewe hao wanastahili mabango yao. Lakini huwezi kumwita mwashi fundi cherehani kisha ukataka akushukuru. Bagamoyo nzima ilikuwa inajipiga kifua kwa ajili ya binti yake, na Bagamoyo hiyohiyo haikujua binti anacheza nini.

Asingewalaumu sana watu wa mjini kama nyumbani kwao wangekuwa afadhali. Kaka yake, Azan, alirithi duka la vifaa vya ujenzi la marehemu baba yao, na humo dukani alibandika picha ya Hanadi juu ya rafu ya makopo ya rangi. Kila aliyeingia kununua misumari alitoka na habari za dada mtu. "Yuko Kairo huyo," Azan alikuwa akisema. "Wamisri wenyewe wanamlilia." Ukimsikia ungedhani alikuwa akikaa benchi pamoja na makocha. Kumbe hakuwahi kumwona Hanadi akicheza hata siku moja, si Dar, ambako mtu huenda asubuhi na jioni akawa amerudi, wala hapahapa Bagamoyo, enzi zile Hanadi ni msichana anayetundika buibui lake kwenye uzio na kuingia uwanjani na suruali ya michezo na mtandio uliofungwa kisogoni. Kila akialikwa, duka. Leo saruji inashushwa, kesho mteja wa Lugoba anakuja kuchukua mabati. Shangazi Khairiya naye alimwombea dua kila Ijumaa, na ungemuuliza mpira anaouombea unatupwa wapi, angekwambia Mungu anajua.

Hanadi alivumilia yote hayo akiwa mbali. Ukiwa mbali, sifa ni sifa, huzichambui. Alivumilia pia miaka ile ambayo sheria za mchezo hazikuruhusu mwanamke aliyejifunika kichwa kucheza mashindano ya kimataifa, akakaa anasubiri huku wenzake wanapanda ndege, mpaka sheria ilipobadilishwa. Alivumilia hata Tunisia. Siku hiyo paa la ukumbi lilivuja, maji yakasambaa sakafuni, wachezaji wakawaambia wakubwa kwamba hapa hapachezeki. Wakajibiwa kwamba mgeni rasmi amekwisha kaa. Hanadi alikimbia na mpira, akafunga breki, na mguu ukaendelea na safari bila yeye. Goti likachanika ndani. Klabu ilimpelekea maua hospitalini, na pamoja na maua, habari kwamba hawatamhitaji tena. Alicheza tena baadaye, kwingine, lakini hakuwa Hanadi yule, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua.

Ndiyo maana aliporudi nyumbani alitaka jambo moja tu: kuwafundisha wasichana kwenye uwanja uleule wa saruji aliojifunzia yeye. Na kati ya wasichana hao alikuwapo Mina, binti wa wakulima wa upande wa Ubena, aliyekuja kukaa kwa ndugu zake mjini ili asome. Mina alitumia mkono wa kushoto, aliruka bila kutoa kelele, na akishika mpira hata waliokuja kuuza maandazi walisahau kuuza. Hanadi alimpigia simu kocha Yusuf, waliyefahamiana naye tangu klabu za Dar, akamwambia njoo umwone huyu. Yusuf anafundisha timu ya wanawake huko Dar, na timu yake humsomesha msichana inayemchukua. Akaahidi kuja siku ya ufunguzi wa uwanja.

Uwanja ulikuwa umepasuka na ringi zake zimeinama. Kamati iliundwa, katibu wake bwana Mwinyimvua, na Hanadi aliwaomba wazibe nyufa, wasimamishe ringi, wapige mistari, basi. Wakauzungushia uwanja maturubai. "Dada Hanadi, usichungulie," Mwinyimvua alimwambia kwa bashasha. "Ni zawadi yako." Hanadi akawachukua wasichana wake, akawa anawafanyisha mazoezi Mlingotini, kwenye mchanga uliokazwa na maji yanayokupwa, na zawadi yake akawaachia wao.

Sasa siku imefika, na hapo getini, chini ya bango la netiboli, akaona kitu kingine cha ajabu. Viatu. Makubadhi, kandambili, viatu vya ngozi vya wakubwa, vyote vimepangwa safu kwa safu kama mlango wa nyumba yenye maulidi. Akajiuliza watu wamevua viatu kwenda wapi. Akaingia.

Uwanja ulikuwa umetandikwa marumaru.

Nyeupe, zenye michirizi ya dhahabu, kutoka ringi hadi ringi, zinang'aa kiasi kwamba mawingu yalionekana ndani yake. Mistari ya uwanja ilikuwa imepakwa juu kwa rangi ya bluu, kwa usafi kabisa. Azan alikuwa amesimama katikati, miguu mitupu, kanzu mpya, kofia ya kazi ya mkono, anamtazama dada yake kama mtoto aliyeleta matokeo mazuri ya mtihani.

Hanadi alisogeza mguu mmoja mbele. Raba yake ikateleza kidogo, kidogo tu, na goti lake likakumbuka kila kitu.

"Sema neno basi," Azan alimwambia. "Hizi ndizo zile wanazoweka wakubwa majumbani mwao. Sikumuuzia mtu hata boksi moja mpaka za uwanja wako zilipotimia."

"Kaka, nani alikwambia uweke marumaru?"

"Aniambie nani? Mimi nimpokee dada yangu kwenye saruji yenye nyufa? Watu watatuonaje?"

Na hapo ndipo hasira ilipomkaba Hanadi vizuri, kwa sababu alimwelewa. Wangekuwa wamefanya kwa ubaya angejua pa kuanzia. Lakini yeye kalelewa nyumba ileile. Nyumbani kwao heshima ya mgeni ilianzia sakafuni. Idi ikikaribia, mama yao alisugua sakafu mpaka mkeka ukawa unaona haya kutandikwa, na harusi ikija, baba alibadilisha sakafu ya sebule kabla hata ya kuulizia mchele. Azan alikuwa amempa kilicho kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Alimtandikia sebule. Mtu aliyewahi kukaa pembeni ya uwanja japo kwa robo moja ya mchezo, akaona mchezaji anavyokimbia na kusimama ghafla, asingeweza kufanya hivyo hata kwa kulazimishwa. Kosa lile lilikuwa la mtu aliyempenda na ambaye hakuwahi kumtazama.

"Kaka, hapa hapachezeki," alisema.

"Mtazoea. Kila kitu kipya kina mazoea yake," Azan akajibu, na akageuka kwenda kumlaki mgeni rasmi, ambaye gari lake lilikuwa linaegesha nje.

Mambo yakazidi. Mwinyimvua aliwapanga wasichana pembeni na kuwaamuru wavue raba. Alisema zinaacha alama nyeusi, na mheshimiwa asije akakuta alama. Wasichana wakavua, ndio watoto waliofunzwa adabu, na Mina akabaki ameshika mkononi zile raba ambazo Hanadi mwenyewe alimletea, kazikumbatia kifuani. Kisha akapita mama mmoja na ndoo ya maji ya sabuni, akapiga deki uwanja mzima, kwa kuwa vumbi la wageni lilikuwa limeonekana. Sabuni haijakauka, shangazi Khairiya akaingia na mrashi wake wa fedha, ule wa harusini, akawa anatembea polepole kutoka kona hadi kona akinyunyiza marashi na kusoma dua. Alipofika kwa Hanadi akamnyunyizia na yeye, akambusu kwenye paji la uso. "Mungu awalinde wanao," alisema. Hanadi akaitikia amina, maana angesema nini.

Kocha Yusuf alikuwa amekwisha fika. Hanadi alimwona akichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya marumaru, akakitazama kiganja, akajifuta kwenye suruali na kurudi kwenye kiti chake. Akamfuata.

"Umeona," alimwambia.

"Nimeona."

"Utasema?"

Yusuf aliinamisha kichwa. "Mgeni rasmi amekwisha kaa, Hanadi."

Maneno yaleyale. Amevuka jangwa na bahari, amerudi kwao, kwenye uwanja aliouchubukia magoti akiwa mtoto, na maneno yamemtangulia, yamekaa yanamsubiri. Tena huyu si Azan. Huyu anajua, na amenyamaza kwa sababu ya kiti cha mtu. Hanadi alikwenda moja kwa moja kwa wasichana.

"Vaeni raba zenu," aliwaambia. "Hakuna anayeingia humo."

Wengine wakaanza kuvaa. Mina hakuvaa. "Kocha," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nitacheza. Nitakwenda polepole."

"Ukienda polepole kocha Yusuf ataona nini?"

"Na nisipocheza ataona nini?"

Swali hilo lilimchoma Hanadi kuliko bango, kuliko ndoo ya sabuni. Lilikuwa swali la haki, na lilikuwa swali lake mwenyewe, alilojiuliza Tunisia na kulijibu vibaya. Mtoto wa watu analetwa mahali achague goti lake au siku yake, na wanaomchagulisha wamekaa kivulini wanakunywa soda. Alimwambia Mina, "Nisubiri hapo." Kisha akavuka uwanja, hatua fupifupi kama mtu anayepita bafuni, mpaka kwenye maiki.

Mshereheshaji alikuwa anamtangaza: nyota wetu, mwanetu, simba jike wa netiboli. Hanadi akanyoosha mkono, akapewa maiki.

"Shikamoo mheshimiwa," alisema.

"Marahaba," mgeni rasmi akaitikia, anatabasamu.

"Mimi sichezi netiboli. Nacheza mpira wa kikapu, na kwenye mpira wa kikapu mtu hukimbia kwa nguvu zake zote kisha husimama ghafla. Hapa hakuna anayeweza kusimama. Kwa hiyo wasichana wangu hawatacheza leo, na hawatacheza hapa siku yoyote mpaka marumaru hizi zitoke."

Minong'ono ikaenea. Tabasamu la mheshimiwa likabaki usoni kwa kukosa pa kwenda. Mwinyimvua alianza kusogea kwenye swichi ya spika, lakini Azan alimtangulia kusimama, uso umemwiva.

"Hanadi, unanivunjia heshima mbele za watu."

"Sitaki kukuvunjia heshima, kaka. Nataka huyu mtoto asivunjike."

"Nimekufanyia jambo ambalo hakuna kaka aliyemfanyia dada yake katika mji huu. Hata shukrani hunipi."

"Nitakushukuru," Hanadi alisema. "Nitajie mchezo mmoja ulioniona nikicheza. Mmoja, popote. Ukinitajia, nitawaingiza watoto uwanjani sasa hivi, na mimi nitacheza nao."

Azan alifungua mdomo. Akamtazama shangazi yake, akatazama safu ya kwanza, akaufunga. Watu wote waliowahi kununua misumari dukani kwake walikuwa pale wanasubiri.

"Huna," Hanadi akasema. "Basi nionyeshe wewe. Kimbia kutoka ringi ile mpaka hii. Nikisema simama, simama."

Kuna wanaume wangekataa, na wangekuwa na akili. Azan hakuwa mmoja wao. "Nakimbia," alisema. "Kwani sakafu inauma watu?" Akakunja kanzu, akaichomeka kiunoni, mtu mzima mwenye kitambi chake na ndevu zilizoanza mvi, akaenda chini ya ringi ya mbali. Akakimbia. Alikimbia kwa hasira, kwa hiyo alikimbia vizuri, na tumbo lilikuwa linamfuata nyuma kidogo.

"Simama," Hanadi alisema kwenye maiki.

Azan alisimama kwa juu. Miguu ikaendelea. Mmoja ulikwenda mbele, mwingine ukakunjika chini yake, na kaka mkubwa wa ukoo wa Muhanna akaenda chini kwa kishindo ambacho maiki ilikipeleka mpaka barabarani. Mtu mmoja alicheka, akakatisha. Shangazi Khairiya alisema "Yarabi" na mrashi ukamponyoka.

Hanadi alikuwa wa kwanza kumfikia, na alikuwa na hofu, maana hakutaka kumvunja mtu mfupa. Alimpapasa goti, akalikunja taratibu, akalinyoosha. Lilikuwa zima. Azan alikuwa amekaa juu ya marumaru zake, kanzu imelowa sabuni na marashi, anapumua kwa mdomo. Alikuwa anamwangalia dada yake anavyolishika goti lile kwa ujuzi, anavyobonyeza pembeni, juu, nyuma, mahali kwa mahali. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo safari hii maiki haikuichukua.

"Ulianguka hivi?"

"Ndiyo," Hanadi akasema. "Ila mimi nilikuwa nakimbia kwelikweli."

Azan aliinuka. Akageuza shingo, akamwona Mina pembeni, miguu mitupu, raba kifuani. Alimtazama kwa muda. Kisha akapaza sauti kumwita fundi wake, aliyezitandika marumaru zile kwa mikono yake.

"Shuaibu. Lete nyundo na tindo."

"Azan, ndugu yangu, mheshimiwa yupo," Mwinyimvua alimwambia akikunja mikono.

"Alipokaa anaona vizuri?" Azan akauliza, na hakungoja jibu. Aliweka tindo kwenye kiungo, katikati kabisa ya uwanja, akapiga. Kigae cha kwanza hakikupasuka hadi pigo la tatu. Kazi ya Shuaibu ilikuwa nzuri, na Shuaibu aliposogea kumsaidia alikuwa na machozi ya kweli. Mheshimiwa alikaa kidogo kwa ajili ya adabu, kisha akaulizia viatu vyake.

Kocha Yusuf alimsogelea Hanadi, hajui mikono yake aiweke wapi. Alisema atarudi uwanja ukiwa tayari, kumwona Mina. Hanadi akamwambia atarudi, tena mapema, kabla ya mgeni yeyote kukaa, na hakumwambia kwa upole.

Saruji mpya ilipokauka ilikuwa na ukwaruzo ambao Hanadi aliupima kwa kuburuza raba. Bango la netiboli lilishushwa, likaenda kufunika mifuko ya saruji dukani. Siku Yusuf aliporudi ilikuwa siku ya kazi, mchana, saa ambayo duka la Azan huwa na wateja mpaka kizingitini. Azan alifunga duka. Alikuja na kiti chake cha plastiki, akakiweka karibu na mstari mpaka akaambiwa arudi nyuma, na viatu vyake hakuvua.

Hanadi hakuwa amepanga kucheza. Lakini timu ilipungukiwa mtu, akaingia, akasimama mbele ya Mina. Goti lilimuuma toka mwanzo na hakulijali. Alikimbia, akafunga breki, saruji ikamshika. Akamwacha Mina mguu mmoja hewani na kuutia mpira kikapuni. Safari iliyofuata Mina akamlipa, kwa mkono ule wa kushoto, na Yusuf akainuka kabisa kitini. Mina alikuwa na nafasi yake Dar kabla hawajamaliza, kila mtu uwanjani aliliona hilo. Azan tu ndiye aliyekuwa hamtazami Mina.

Walipopumzika Hanadi alikwenda kuchukua maji karibu na kiti cha kaka yake. Azan alikuwa ameshika magoti yake mwenyewe kwa mikono miwili.

"Hiki ndicho ulichokuwa unafanya?" alimuuliza. "Miaka yote ile?"

"Ndicho."

Azan alitikisa kichwa polepole. Macho yalikuwa yamemlowa na hakuyafuta. "Na mimi nilikuwa dukani," alisema.

Ilikuwa zamu ya Hanadi kumwambia si neno, yamekwisha, kama watu wanavyoambiana. Neno lilimfika ulimini, lakini lisingekuwa kweli, na alikuwa amechoka kusema yasiyo kweli ili watu wakae vizuri kwenye viti vyao. Alikunywa maji, akafunga mtandio wake upya kisogoni, akauokota mpira.

"Usiondoke," alimwambia. "Kuna kipindi kingine."